Kopo la Taa za Fundi Mhoja

Zamani kidogo, wala si zamani ya mababu, ni ile ya juzi tu ambapo pamba ilianza kununuliwa na kila mwenye mzani wake, Bariadi ilikuwa na fundi wa magari aitwaye Mhoja Ngeleja. Enzi hizo tulikuwa bado mkoa wa Shinyanga, na Simiyu kwetu lilikuwa jina la mto tu. Gereji ya Mhoja ilikuwa kwenye barabara ya kwenda Ngulyati, nyuma ya ghala la zamani la ushirika. Mjini hawakumwita Mhoja. Walimwita Sikio.

Jina hilo hakupewa bure. Gari likifika, yeye haulizi maswali. Anaamuru injini iwashwe, anachukua bisibisi lake refu la mpini wa mbao, anaweka ncha juu ya injini na mpini kwenye sikio la kulia, kisha anafumba macho. Watu wote kimya. Baadaye anafumbua macho na kusema, "Silinda ya tatu. Valvu imechoka." Wakifungua, ni silinda ya tatu kweli, na valvu imechoka kweli. Walikuwepo madereva waliotoka Maswa na Magu wakapita mafundi kumi njiani, wamfuate Sikio tu.

Sasa nikwambie jambo ambalo madereva hao hawakulijua. Kufikia msimu wa pamba wa mwaka 1999, Sikio alikuwa hasikii.

Haikuja siku moja. Miaka kumi na tisa alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, na mashine zile zilinguruma msimu mzima bila kupumzika. Masikio ya binadamu hayakuumbwa kwa kelele ya namna hiyo. Wanunuzi binafsi walipoingia na ushirika ukayumba, kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao. Mhoja akatoka getini na bisibisi lake, mita ya kupimia umeme, na mlio kama wa panzi ndani ya kichwa. Mlio ule ukakua. Miaka miwili ya kwanza bado alisikia injini kupitia mfupa wa shavu. Mwaka wa tatu bisibisi likawa kijiti tu.

Angefanyaje? Alibahatisha. Malori ya zamani aliyajua kama mfugaji anavyomjua ng'ombe wake, kwa hiyo aliweka kiganja juu ya injini, akasikiliza mtetemo kwa mkono, na bisibisi likabaki sikioni kwa ajili ya watazamaji. Mteja akiongea, Mhoja alitazama uso. Uso ukiwa na wasiwasi alisema, "Tutaona." Uso ukiwa na furaha alisema, "Ndiyo, ndiyo." Usishangae, maneno hayo mawili yanamfikisha mtu mbali sana katika mji huu.

Mkewe, Nyanjige, hakudanganyika. Alijua siku alipokuja mbio kumwambia kwamba ndama ametumbukia kisimani, naye mume akashukuru kwa upole, "Wabeja, weka hapo mezani." Nyanjige alicheka mpaka akalia, kisha akalia kwelikweli. Hakumwambia mtu. Alihamisha biashara yake ya chai na karanga kutoka sokoni, akaiweka pale gereji, mahali ambapo mumewe angemwona. Mteja akiongea kwa nyuma, Nyanjige anainua kidevu, na Mhoja anageuka. Hivyo ndivyo walivyoilinda siri hiyo wao wawili, maana fundi asiyesikia injini ni mpishi asiyeonja, na jina likishaanguka Bariadi halina wa kuliokota.

Ndipo yakaja magari mapya. Mapya kwetu, lakini yalikuwa yamekwisha kutumika huko Japani. Yalishushwa bandarini Dar es Salaam, yakapanda mpaka huku kwa barabara ya vumbi, laini, mazuri, na injini zake zimefunikwa mabomba na nyaya kama matumbo ya mbuzi. Yalikuwa na kompyuta, watu walisema, ingawa hakuna aliyeiona. Na kwenye dashibodi yalikuwa na taa moja ndogo ya manjano yenye umbo la injini.

Taa ile iliwakera wenye magari kupita kiasi. Mtu ametoa fedha ya ng'ombe wake wote, anaendesha kwa maringo, mara jicho la manjano linamtazama. Wengine walisema gari limelogwa njiani. "Fundi, nitolee hilo jicho," walimwambia Mhoja, na hapo hakuhitaji kusikia, kwa sababu walinyoosha kidole. Mafundi wote wa Bariadi walikuwa na dawa moja: unafungua dashibodi, unang'oa kijitaa, unafunga. Gari limepona. Mwenye gari anaondoka anatabasamu. Vijitaa alivyong'oa Mhoja alivitunza kwenye kopo la maziwa ya unga, kwa sababu alilelewa na ushirika, na mtu wa ushirika hatupi kitu. Kopo lilikuwa limejaa nusu.

Kijitaa kimoja humo kilitoka kwenye pikapu ya Wilhelmina.

Wilhelmina Shija alikuwa mjane kutoka Kalemela, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na alileta mchele Bariadi kila Jumanne na Ijumaa. Pikapu yake nyeupe ilikuwa ndiyo mume, shamba na mtoto wa kumtuma. Ikija mjini alilala kwa dada yake, karibu na ghala la mbegu za pamba, na gari likalala uani kwa ghala hilo. Ugonjwa wake ulikuwa wa ajabu. Asubuhi pikapu iligoma kuwaka. Ikiwaka inakohoa, inazima, inakohoa tena, mpaka majirani wanatoka kumsaidia kusukuma. Lakini ikishapata moto inakwenda kama haijawahi kuumwa. Kwa hiyo kila alipoifikisha gereji, saa tano au sita mchana, gari lilikuwa zima.

Mhoja aliweka bisibisi, akafumba macho, hakusikia kitu, akabadilisha plagi. Wiki ya pili akasafisha njia za mafuta. Wiki ya tatu akabadilisha waya za plagi na kutikisa kichwa kama daktari. Mara ya nne Wilhelmina aliingia gereji akiwa ameshika kiuno.

"Mwadila, fundi. Leo nakuachia gari, na kesho saa nne nalifuata," alimsalimu na kusema, na bahati njema alisema huku amemkabili, midomo wazi. "Likikohoa tena nalipeleka Mwanza. Na nitamwambia kila mtu toka hapa mpaka Kiloleli kwamba Sikio la Bariadi limeisha."

Mhoja aliyaona maneno hayo moja moja.

Wilhelmina alipoondoka, Mhoja alifungua boneti na kusimama mbele ya injini ile kama mgeni mlangoni. Hakujua pa kuanzia. Akaanza na analolijua: apime oili. Akachomoa kijiti, akatafuta kitambaa cha kufutia, hakukiona, akafanya kama alivyofanya siku zote. Kwenye kisanduku cha mbele ya kiti cha abiria kulikuwa na kijitabu kilichokuja na gari kutoka kwao, maandishi ya Kijapani matupu, kama vijiti vya kuni vilivyomwagwa sakafuni. Karatasi zake zilifyonza oili vizuri. Mhoja alikuwa amekwisha kuchana nusu ya kitabu kwa kazi hiyo. Akachana ukurasa mwingine, akaupeleka kwenye kijiti, na mkono ukasimama hewani.

Kulikuwa na picha. Ilichora kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko, na kisanduku hicho alikifahamu. Kilikuwa pale pale, kando ya betri, na hakuwahi kukifungua kwa sababu hakikuwa kimeharibika. Ndani ya picha matundu mawili yalikuwa yameunganishwa kwa kipande cha waya. Kando yake ilichorwa taa, ile taa, ikitoa miali. Na chini yake mstari unapanda na kushuka kama meno: mawili, nafasi, mawili. Mbele ya meno hayo iliandikwa 22. Mstari mwingine ulikuwa na meno manne, nafasi, jino moja. Mbele yake iliandikwa 41.

Kijapani hakukijua. Lakini namba hazina kabila. Mhoja alisoma mpaka darasa la nne, na darasa la nne linatosha kabisa kuhesabu mpaka arobaini na moja.

"Mama Kwandu," alimwita mkewe, na sauti yake ilikuwa ya ajabu mpaka Nyanjige akaacha birika jikoni. "Njoo uone. Nadhani gari linahesabu."

Alikata kipande cha waya, akafungua kisanduku, akaunganisha matundu mawili kama kwenye picha. Akawasha swichi bila kuwasha injini. Akainama kwenye dashibodi, akasubiri.

Hakuna kitu.

Alitoa waya, akaurudisha. Hakuna kitu. Aliusoma tena ukurasa, akaugeuza juu chini, akapiga dashibodi kofi. Kiza kitupu. Alikaa kwenye kiti cha dereva, akajiona mzee mjinga aliyeamini karatasi ya kufutia oili. Nyanjige alimtazama, akaitazama karatasi, akagusa ile picha ya taa kwa kidole. Kisha akaenda kwenye rafu, akachukua kopo la maziwa ya unga, akalitikisa mbele ya uso wa mumewe.

Loo! Mhoja alijipiga paji la uso. Miaka yote hiyo alikuwa anang'oa ulimi, halafu leo anauliza swali na kushangaa hajibiwi.

Alirudisha kijitaa mahali pake. Jua la saa saba lilikuwa kali na dashibodi inang'aa, hakuna kinachoonekana, kwa hiyo Nyanjige alifungua khanga yake ya kiunoni akaitandaza juu ya usukani, na wote wawili wakaingiza vichwa humo gizani kama watoto. Mhoja akanyoosha mkono, akawasha swichi.

Taa ikakonyeza. Mara mbili. Ikapumzika. Mara mbili. Ikapumzika kwa muda mrefu zaidi, halafu ikarudia: mara mbili, pumziko, mara mbili.

Miaka zaidi ya ishirini Mhoja alikuwa amezitumikia mashine, akazikwaruza, akazipaka mafuta, akazipiga nyundo, na haikuwahi kutokea hata moja kumgeukia na kumsemesha. Hii ilikuwa inasema. Haikunguruma, haikuhitaji sikio, ilisema kwa mwanga, polepole, na ikirudia kwa subira kama mwalimu wa darasa la kwanza, mara kumi, mara ishirini, bila kumkasirikia asiyeelewa. Machozi yalimtoka hapo chini ya khanga. Hakuona haya, maana kulikuwa na giza, na Nyanjige naye alikuwa anavuta makamasi.

"Ishirini na mbili," alisema.

Mbele ya 22, ukurasa ulionyesha kidude kama msumari mnene kilichochomekwa kwenye njia ya maji ya injini, chenye waya mbili. Kipima joto. Hapo fundi mwingine angemaliza kazi: namba imesema kidude hiki, kidude hiki kimekufa, agiza kingine Mwanza. Mhoja mwenyewe alikwisha kukifungua na kukishika mkononi akifurahi. Lakini kiwandani walimfundisha kwamba usimzike mtu kabla hujamtikisa. Alikitumbukiza kidude kwenye birika la chai la Nyanjige, akaunganisha mita, akaweka birika motoni. Maji yalivyozidi kupata moto, mshale wa mita ulitembea taratibu, vizuri, bila kuruka. Kidude kilikuwa hai. Kilikuwa kinapima chai kwa uaminifu wote.

Je, taa imedanganya? Mhoja alikuna kichwa. Alifungua waya ya betri, kama ilivyo desturi ya fundi mwenye adabu kabla ya kugusa nyaya, akazifuata zile waya mbili kwa vidole, sentimita kwa sentimita, chini ya bomba, nyuma ya injini, mpaka mahali ambapo mkono ulipita kwa shida. Huko vidole vilikutana na kitu laini. Alivuta. Yakatoka manyoya ya pamba, maganda ya mbegu, na ncha mbili za waya zilizotafunwa.

Panya! Panya wa ghala la mbegu, wanaoshiba humo ndani kisha wanatafuta mahali pa joto pa kulala. Gari lililosafiri kutoka Japani kwa meli limeshindwa na panya wa Bariadi.

Mhoja alicheka, halafu akaacha kucheka ghafla. Akaketi juu ya tairi na ule ukurasa. Kumbe taa haikusema kidude kimekufa. Ilisema jambo lingine kabisa. Ilisema: mimi kompyuta, huyu wa ishirini na mbili simsikii.

Na kando ya ile 22 kulikuwa na namba nyingine aliyoipuuza mwanzoni: 80, na alama ya nyuzi za joto. Alizungusha mambo kichwani, asubuhi ya baridi, mchana wa moto, gari linalokohoa alfajiri na kupona saa tano, na taratibu akaelewa. Kompyuta iliposhindwa kumsikia mpima joto, haikusimama. Ilibahatisha. Ilijiambia, "Hebu tuseme maji yana nyuzi themanini," ikaendelea na kazi. Mchana maji yalikuwa themanini kweli, na gari likaenda. Asubuhi maji ni ya baridi, nayo kompyuta inaipa injini mafuta kidogo, kama injini iliyokwisha kupata moto, na gari likakohoa.

"Inafanya kama mimi," alimwambia mkewe polepole. "Haisikii, inabahatisha. Ndiyo ndiyo. Tutaona."

Nyanjige alikuja akasimama mbele yake, mahali pa kuonekana, kama alivyozoea. "Hapana, baba Kwandu," alisema. "Yenyewe iliwasha taa."

Kuna maneno ambayo mtu huyasikia hata kama ni kiziwi. Mhoja aliinuka juu ya tairi. Aliunganisha waya, akazifunga vizuri, akarudisha kidude na betri, akaingiza kichwa chini ya khanga kwa mara ya mwisho. Safari hii taa ilikonyeza bila mapumziko, sawasawa, kama mtu anayetembea barabara aijuayo. Hakukuwa na namba ya kuhesabu. Alibaki anaitazama mpaka Nyanjige akadai khanga yake.

Kesho yake, alfajiri injini ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, pikapu iliwaka mara moja. Saa nne Wilhelmina akafika. Madereva wawili walikuwa wameketi benchini wakinywa chai, malori yao yakisubiri. Mhoja alimwonyesha gari, naye akaingia, akawasha, akainama kutazama dashibodi, na kwa kuinama hivyo akauliza swali. Mhoja aliona mgongo tu. Alijua ameulizwa kwa sababu madereva wawili waligeuka kumtazama yeye, wakingoja jibu la Sikio.

Nyanjige aliinua kidevu. "Ndiyo, ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni. Ilikuwa imempeleka salama miaka miwili, na ingempeleka leo pia. Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Lakini wahenga hawakuwa na gereji ya kulinda. Akatazama kupitia dirisha, akaiona ile taa ndogo ya manjano, imerudi mahali pake, imezimika kwa sababu haina la kusema.

"Mama Wilhelmina," alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, "geuka huku. Sisikii."

Wilhelmina akageuka.

"Masikio yangu yamekufa. Ni kelele za kiwandani. Mwaka wa pili huu sisikii injini wala watu. Hata gari lako sikulisikia. Ukitaka kusema na mimi, simama nikuone mdomo."

Dereva mmoja aliweka kikombe chini. Wilhelmina alishuka garini, akaja mpaka karibu kabisa, akamtazama machoni, na kila neno likaonekana wazi: "Mara tatu nilizokuja, ulikuwa unaweka lile bisibisi la nini?"

"La watazamaji," alisema Mhoja.

Alimweleza yote: kijitaa, panya, namba ishirini na mbili. Wilhelmina hakucheka. Alipanda pikapu yake akaondoka, vumbi likabaki. Madereva walimaliza chai, wakapanda malori yao, na mmoja wao akatoka bila kufunguliwa boneti. Jioni mji mzima ulikuwa unajua. Kesho yake kutwa hakuna gari lililokata kona kuingia kwa Sikio, na Mhoja alishinda akipanga na kupangua vijitaa vya kopo, akiandika kwa kalamu ya risasi, kipi ni cha nani. Alikuwa ameamua kuvirudisha vyote, mteja awepo au asiwepo. Nyanjige aliuza karanga za shilingi chache.

Ijumaa, Mhoja alikuwa ameinama mezani, mgongo kwa barabara, wakati ukuta mbele yake ulipong'aa.

Ulikuwa mchana, lakini ghala la ushirika lilitupa kivuli kizito hapo ndani, na mwanga ulionekana vizuri. Mara mbili. Ukapumzika. Mara mbili. Akadhani macho nayo yanaanza kumwacha. Mara mbili, pumziko, mara mbili, kwa subira, kama wa kumfundisha mtu asiyeelewa.

Aligeuka. Pikapu nyeupe ilikuwa imesimama getini na magunia ya mchele mgongoni, na nyuma yake magari matatu aliyokuwa hayajui, yamejipanga. Wilhelmina hakupiga honi. Alikuwa ameshika swichi ya taa kubwa, anawasha na kuzima, midomo yake ikihesabu.

Mhoja aliweka kopo chini, akafuta mikono, akaenda kufungua geti.